UZI: Habeas corpus ni nusu ya sentensi. Nusu nyingine inasemaje?

Kalamu_Kale

Wakuu, kila mtu akichukuliwa na askari na ndugu zake wasimwone, magazeti yanaandika "mawakili wafungua maombi ya habeas corpus". Kwenye mijadala watu hutafsiri: mmoja anasema ni haki ya dhamana, mwingine anasema ni "leteni maiti", wa tatu anasema ni haki za binadamu kwa Kilatini. Hakuna aliyepatia, na kosa lao lina chanzo kimoja: wanatafsiri maneno mawili yaliyokatwa kwenye sentensi ndefu. Kwa ufupi, ni hati ya mahakama inayoamuru anayemshikilia mtu amlete na aeleze sababu. Naanza na lugha, wanasheria na wanahistoria mje na yenu.

Habeas linatokana na kitenzi habere, kuwa na kitu. Habes ni "unacho". Habeas ni "uwe nacho". Irabu a iliyopachikwa pale inafanya kazi ya ile e yetu ya mwisho katika uwe, ulete, usome. Kwa hiyo peke yake neno linaning'inia, linasubiri mtu wa kuamuru. Katika hati halisi mtu huyo yupo: praecipimus tibi, tunakuamuru, na anayesema ni mfalme.

Corpus ni mwili, uwe hai au mfu. Kwenye hati hii ni mtu mwenyewe, mzima, akisimama pale jaji anamwona. Barua ya kusema yuko salama haitoshi, wala wakili wake kufika kwa niaba yake.

Sentensi nzima, kwa Kiswahili, inakwenda hivi: "Tunakuamuru uwe na mwili wa fulani, anayeshikiliwa chini ya ulinzi wako kama isemwavyo, pamoja na siku na sababu ya kukamatwa na kushikiliwa kwake, kwa jina lolote atakaloitwa, mbele yetu mahali fulani, ili atii na kupokea lolote ambalo mahakama yetu itaamua juu yake."

Angalieni vipande vidogo. "Kama isemwavyo" maana yake mahakama bado haijakubali kwamba kweli ameshikwa, inataka kujua. "Kwa jina lolote" inamzibia njia mkuu wa gereza anayetaka kujitetea kwamba kwenye daftari lake hakuna mtu wa jina hilo. Na "sababu ya kukamatwa na kushikiliwa", causa captionis et detentionis, ndiyo moyo wa hati. Mwili unaletwa ili sababu ipimwe.

Mwisho kabisa yapo maneno ad subjiciendum et recipiendum. Subjicere ni kuweka chini: mtu anawekwa chini ya uamuzi wa mahakama, anatoka chini ya uamuzi wa aliyemshika. Jina kamili la hati ni habeas corpus ad subjiciendum.

Binti_Mwanasheria

Ahsante mkuu. Swali: kwenye vitabu nimekutana pia na habeas corpus ad testificandum, na ad respondendum. Ni kitu kilekile?

Kalamu_Kale

Ni ndugu wa tumbo moja, kazi tofauti. Hati za kale za Uingereza zilipewa jina kutokana na maneno yake makuu, ndiyo maana tuna mandamus (tunaamuru), subpoena (chini ya adhabu), capias (umkamate). Habeas corpus zilikuwa nyingi, kinachozitenganisha ni mkia:

ad testificandum, mfungwa aletwe kutoa ushahidi;
ad respondendum, aletwe kujibu madai;
ad prosequendum, aletwe kushitakiwa;
ad satisfaciendum, aletwe baada ya hukumu ili hukumu itekelezwe;
cum causa, aletwe pamoja na sababu ya kushikwa kwake.

Kilatini kilifutwa kwenye nyaraka za mahakama za Uingereza kwa sheria ya 1730, ikaanza kazi 25 Machi 1733. Hati zikaandikwa kwa Kiingereza, majina yakabaki. Miaka ya karibuni Waingereza wamebadilisha hata mandamus na certiorari (hati ya kuupitia na kuufuta uamuzi wa chombo cha chini) kuwa majina ya Kiingereza cha kawaida, lakini habeas corpus hawakuigusa.

Mzee_wa_Nyaraka

Niongeze jambo linaloshangaza wengi. Katika karne ya 13 hati hii haikuwa ya kumtoa mtu kizuizini, ilikuwa ya kumleta mahakamani hata kama hataki. Ilikuwa chombo cha serikali. Mageuzi yalikuja mahakama zilipoanza kugombania mamlaka: majaji wa mahakama kuu za kifalme walitumia ile ya cum causa kuwachomoa watu waliofungwa na mahakama nyingine, kwa kudai waletwe pamoja na sababu. Kutoka kuhoji mahakama nyingine hadi kumhoji mfalme mwenyewe ilikuwa hatua moja tu, ila ilichukua muda na maumivu.

Na tafadhali tuache kuandika kwamba habeas corpus imo kwenye Magna Carta, ile hati ya haki ambayo mabwana wa Uingereza walimlazimisha mfalme kuikubali. Ibara ya 39 ya 1215 inasema mtu huru asikamatwe wala kufungwa isipokuwa kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Hati yenyewe haitajwi. Ni watu wa karne ya 17 waliounganisha viwili hivyo, wakisema ibara ni haki na hati ni njia ya kuidai.

Kesi ya kujifunzia ni ya 1627, ya mabwana watano waliokataa kumkopesha Mfalme Charles wa Kwanza fedha kwa lazima. Waliomba hati, ikatolewa, wakaletwa. Mwili ulifika. Sababu iliyoandikwa kwenye majibu ya mlinzi ikawa: kwa amri maalumu ya bwana wetu mfalme. Basi. Majaji wakawarudisha kizuizini. Yaani hati ilifanya kazi yote isipokuwa ile ya maana, kwa sababu sababu ilikubaliwa bila kupimwa. Bunge likajibu kwa Ombi la Haki la 1628, na kwa sheria ya 1640 iliyofuta ile Mahakama ya Nyota (Star Chamber, mahakama ya washauri wa mfalme) na kusema wazi kwamba hata aliyeshikwa kwa amri ya mfalme ana haki ya hati hii.

Ndipo ikaja sheria maarufu ya 1679. Watu huitaja kana kwamba ndiyo iliyoanzisha habeas corpus. La. Ilikuta hati ipo, ikaja kuziba mianya:

Mlinzi akiombwa nakala ya hati ya kumshikilia mtu, aitoe ndani ya saa 6.
Mtu aletwe ndani ya siku 3 kama gereza liko ndani ya maili 20. Siku 10 likiwa zaidi ya maili 20 hadi maili 100. Siku 20 likizidi hapo.
Mlinzi akikaidi, faini pauni 100 mara ya kwanza. Mara ya pili pauni 200 na anapoteza kazi.
Jaji akinyima hati wakati mahakama ziko likizo, pauni 500 kutoka mfukoni mwake, na anayelipwa ni mfungwa.
Marufuku kumpeleka mfungwa ng'ambo: Uskoti, Ireland, Jersey, Guernsey, Tangier, au kwingine kokote nje ya bahari.

Kila kipengele hapo kinajibu ujanja uliokuwa ukitumika: kuchelewesha, kuhamisha gereza usiku, kusema "jaji hayupo", kumvusha mtu bahari. Askofu Burnet, mwandishi wa historia wa enzi hizo, anasimulia kwamba kura zilipohesabiwa kwenye Baraza la Mabwana, bwana mmoja mnene alihesabiwa kuwa watu kumi, na hivyo sheria ikapita. Ni hadithi yake yeye, ichukueni kama hadithi.

Pengo moja lilibaki: kilichoandikwa kwenye majibu ya mlinzi hakikuweza kubishiwa ukweli wake, hata kama ni uongo mtupu. Sheria ya 1816 ndiyo iliyowaruhusu majaji kuuchunguza ukweli huo, kwa watu walioshikwa bila kosa la jinai. Kwa mtu anayesoma sheria, 1816 ina uzito kuliko inavyosifiwa.

Msomi_wa_Bandari

Mzee, usiiache kesi ya Somerset, maana pale ndipo neno causa linaonekana kwa macho.

James Somerset alinunuliwa Virginia, akaletwa Uingereza na Charles Stewart, akatoroka, akakamatwa. Novemba 1771 alikuwa amefungwa minyororo kwenye meli Ann and Mary, ikiwa mto Thames, nahodha wake John Knowles, safari Jamaika akauzwe. Waliokuwa wasimamizi wake wa ubatizo wakaomba habeas corpus. Nahodha akamleta. Ilibidi aandike sababu, naye akaandika: huyu ni mtumwa wa Charles Stewart, nimekabidhiwa nimpeleke.

Hapo swali likawa jembamba sana: je, hiyo ni sababu inayotambulika kwenye sheria ya Uingereza? Tarehe 22 Juni 1772 jaji, Lord Mansfield, akasema utumwa ni jambo la kuchukiza kiasi kwamba hakuna kinachoweza kuuegemeza ila sheria iliyotungwa waziwazi, na sheria hiyo haipo. Kwa hiyo mtu huyu aachiwe. Hakufuta utumwa katika himaya, na biashara ile iliendelea miaka mingi. Alichosema ni kwamba sababu iliyoandikwa haisimami. Hati ikishapata jibu lisilosimama, kinachobaki ni kufungua minyororo.

Jambo lingine: nahodha hakuwa serikali. Hati inamfuata yeyote anayemshikilia mtu, awe askari jela, mwenye meli, mganga, au mjomba.

Binti_Mwanasheria

Na kwetu Afrika iliingiaje?

Msomi_wa_Bandari

Kwa mlango wa ukoloni, na mara ya kwanza mlango ulikuwa nusu wazi. Mwaka 1861 mahakama ya London ilitoa hati hadi Kanada kwa ajili ya John Anderson, mtumwa aliyekimbia kutoka Marekani. Wakanada wakanung'unika kuingiliwa, Bunge likatunga sheria ya 1862: hati kutoka Uingereza isiende kwenye koloni lenye mahakama halali inayoweza kuitoa yenyewe.

Kisha likaja suala la nchi zilizoitwa "himaya za ulinzi", ambazo kwa karatasi hazikuwa makoloni. Sekgome, chifu wa Batawana huko Bechuanaland (Botswana ya leo), aliomba hati London. Mwaka 1910 Mahakama ya Rufaa ikakataa. Karibu nusu karne baadaye Mwenya, aliyezuiwa asitoke wilaya ya Mporokoso huko Rhodesia Kaskazini (Zambia), alipeleka hoja ileile, na mahakama ile ikakubali kwamba hati inaweza kufika kwenye himaya ya ulinzi. Imeripotiwa 1960. Cheo cha nchi kwenye karatasi hakikutosha tena kuizuia.

Uganda ina kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki anaijua: Ex parte Matovu ya 1966. Yalikuwa maombi ya habeas corpus ya chifu wa saza (kaunti ya Buganda), Michael Matovu, aliyezuiliwa. Kuipima sababu ya kumzuia, mahakama chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma ilibidi kwanza iulize kama katiba ya 1966 yenyewe ni halali, ikaishia kwenye nadharia ya mwanafalsafa wa sheria Hans Kelsen, kwamba mapinduzi yakifaulu huzaa mfumo mpya wa sheria. Watu wanakumbuka Kelsen. Mimi nawaomba mkumbuke pia ukurasa wa mwanzo: nyaraka za mwombaji zilikuwa na kasoro za umbo, na majaji wakakataa kulitupa shauri kwa hilo kwa kuwa lilihusu uhuru wa mtu.

Wakili_Kijiweni

Sasa niseme ya vitendo.

Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 51(2) inampa mtu aliyezuiliwa haki ya kuomba amri hii, na ibara ya 25 inaiweka kwenye orodha fupi ya haki zisizoweza kupunguzwa. Uganda, Katiba ya 1995, ibara ya 23(9): haki hii haivunjwi wala haisimamishwi. Tanzania Bara haijatajwa kwa jina kwenye Katiba. Iko kwenye kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, na maneno yake yanafanana sana na kifungu cha 389 cha Kenya. Ukisoma vifungu hivyo utaona wale ndugu wa Kalamu_Kale wamekaa pamoja: kumleta mtu ashughulikiwe kwa mujibu wa sheria, kumwachia aliyezuiliwa isivyo halali, kumleta mfungwa kutoa ushahidi, na kadhalika. (Sheria zikichapishwa upya namba huweza kuhama. Hakiki toleo kabla hujaandika kifungu kwenye hati.)

Mambo ya kuandika kwenye hati ya kiapo:

Nani ameshikwa, majina yote anayojulikana nayo, umri, kazi.
Siku, saa na mahali alipochukuliwa. "Jioni" haitoshi.
Nani aliona kwa macho. Aliyeona ale kiapo chake mwenyewe.
Waliomchukua walijitambulishaje, walivaa nini, gari lilikuwa la aina gani, namba gani.
Vituo vyote mlivyozunguka kumtafuta, tarehe, na mlijibiwa nini. Kama mlifungua taarifa, weka namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi), au OB kwa Kenya.
Kwamba hajafikishwa mahakamani wala kuambiwa kosa.

Anayekula kiapo anaweza kuwa mke, mzazi, rafiki. Aeleze kwa nini mhusika mwenyewe hawezi kuapa. Maombi huanza kwa kusikilizwa upande mmoja, kwa hati ya dharura. Jaji akiridhika kwamba kuna hoja, anaamuru wajibu maombi walete mtu na waeleze sababu kwa maandishi. Wajibu maombi wawe wale wenye funguo: mkuu wa kituo, mkuu wa upelelezi wa mkoa, Mkuu wa Jeshi la Polisi, na Mwanasheria Mkuu. Ukimshitaki Mwanasheria Mkuu peke yake, atajibu kwamba hana mahabusu.

Fundi_wa_Hoja

Wakili, weka na yanayoangusha maombi haya. Huko ndiko watu wanaumia.

Wakili_Kijiweni

La kwanza, ushahidi wa kusikia. "Nimeambiwa na majirani" hauthibitishi kwamba polisi ndio waliomchukua. Polisi wakija na kiapo kinzani cha mstari mmoja, hatumjui wala hatunaye, unabaki mikono mitupu. Mwombaji anatakiwa aoneshe kwa uzito wa kutosha kwamba mtu yuko mikononi mwa mjibu maombi. Akishaonesha hivyo, mzigo wa kuhalalisha unahamia kwa aliyemshika. Wengi wanafikiri mzigo uko upande wa serikali tangu dakika ya kwanza. Sivyo.

La pili, mtu hufikishwa mahakamani asubuhi ya siku maombi yanaposikilizwa. Hapo upande wa Jamhuri unasema maombi yamepitwa na wakati, na mara nyingi wanakubaliwa, kwa kuwa sababu ya kumshikilia sasa ni amri ya hakimu. Kwa familia hilo bado ni jambo kubwa: mtu ameonekana, yuko hai, ana namba ya kesi. Kuanzia hapo njia ni dhamana, na kudai fidia kwa siku alizokaa ni shauri jingine.

La tatu, kuhesabu saa vibaya. Kenya ni saa 24, lakini zikiisha nje ya muda wa mahakama zinasogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kufikishwa Jumatatu kihalali. Uganda ni saa 48. Tanzania Bara watu husema "saa 24" kama sala, lakini someni kifungu cha 32 taratibu: kinamtaka mkuu wa kituo, akiona hawezi kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, amchunguze na amwachie kwa dhamana isipokuwa kosa ni zito. Kwa kosa zito lugha inageuka kuwa "mapema iwezekanavyo". Hoja yako ijengwe juu ya ucheleweshaji usioelezeka, siyo juu ya saa ya 25.

La nne, kuitumia kwa aliyekwisha hukumiwa. Huyo njia yake ni rufaa. Hati inapima uhalali wa kushikwa, haisikilizi upya kama aliiba au hakuiba.

La tano, kuacha kuomba amri mbadala. Weka pia ombi kwamba wakikana kuwa naye, waamriwe kueleza kwa kiapo walichofanya kumtafuta. Mtu akipotea kabisa, kiapo hicho ndicho kitakachobaki kwenye kumbukumbu.

Diaspora_Minnesota

Hilo la nne huku Marekani ni kinyume. Mtu aliyefungwa na mahakama ya jimbo anaweza kwenda mahakama ya shirikisho kwa habeas corpus baada ya rufaa kwisha, akidai haki yake ya kikatiba ilivunjwa. Tangu sheria ya 1996 ana mwaka mmoja tu, na wengi hukosa kwa kuchelewa.

Pia Katiba ya Marekani inaruhusu kuisimamisha wakati wa uasi au uvamizi. Rais Lincoln aliruhusu hivyo Aprili 1861 bila Bunge. Jaji Mkuu Taney akasema rais hana uwezo huo. Bunge likampa kwa sheria ya 1863. Na 2008, kwenye kesi ya Boumediene, majaji 5 kwa 4 waliamua kwamba waliofungwa Guantánamo, kambi ya jeshi la Marekani huko Kuba, wanaifikia hati ingawa ardhi si ya Marekani. Ukikumbuka ile marufuku ya 1679 ya kuvusha wafungwa bahari, utaona ni ugonjwa wa zamani.

Fundi_wa_Hoja

India nayo iwekwe hapa. Aprili 1976, wakati wa hali ya hatari, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ilisema kwenye kesi ya ADM Jabalpur kwamba aliyezuiliwa hawezi kuomba habeas corpus. Jaji mmoja tu kati ya watano, H. R. Khanna, alipinga. Mwaka uliofuata akarukwa kwenye ujaji mkuu, akajiuzulu. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ilisema uamuzi wa 1976 ulikuwa kosa. Hati inaweza kuwa kwenye vitabu vyote, ikakosa jaji.

Binti_Mwanasheria

Na ni kweli iliombwa kwa ajili ya tembo?

Kalamu_Kale

Kweli. Tembo anaitwa Happy, wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Juni 2022 mahakama ya juu ya jimbo la New York ikakataa, majaji 5 kwa 2, kwamba hati ni ya binadamu. Neno corpus halikuwasaidia waombaji: mwili anao, lakini swali lilikuwa nani anaweza "kutii na kupokea" uamuzi wa mahakama.

La kumalizia upande wa lugha, kwa wanaoandika habari. Waingereza hutamka "heibias kopas". Wingi wake ni "hati za habeas corpus", neno corpus halibadiliki humo. Ukitaka Kiswahili kitupu, "amri ya kumleta mtu mahakamani" imezoeleka lakini inaacha nusu nje, na msomaji ataichanganya na hati ya wito. Mimi huandika "amri ya kumleta aliyeshikiliwa na kueleza sababu". Ni ndefu kwa kichwa cha habari, ila inafaa aya ya kwanza.

Wakili_Kijiweni

Naunga mkono. Na mwandishi akishaandika hivyo, afuatilie siku ya kusikilizwa aripoti vitu viwili: mtu aliletwa au hakuletwa, na sababu iliyoandikwa ilikuwa ipi, neno kwa neno. Habari nyingi huishia siku maombi yalipofunguliwa.